Daktari anataka nianzishiwe uchungu, mama mkwe anasema ninywe maji nisubiri

Shikamoo Mama,

Nina miaka 29, naishi Morogoro, na mimba yangu ina wiki 35. Nakuandikia kwa sababu kila ninayemuuliza ananipa jibu lake, majibu hayafanani, na siku zinakwenda.

Wiki ya 34 mkunga wa kliniki alinipima tumbo kwa futi kamba akasema ni dogo kuliko wiki zangu. Akaniandikia altrasaundi nikapime kituo binafsi. Karatasi ilirudi imeandikwa AFI 4.6, yaani kipimo cha maji ya uzazi, na chini yake kwamba maji ni pungufu. Daktari aliyeisoma aliniambia mtoto anaweza kuchoka akiwa humo ndani, kwa hiyo tusivuke wiki 37. Nikifika hapo nilazwe nianzishiwe uchungu, na hali ikibadilika itakuwa mapema zaidi. Foleni ilikuwa ndefu, alizungumza haraka, nikatoka sijauliza kitu.

Usiku ule sikupata usingizi. Nikachukua hela niliyoiweka kwenye kikoba, nikaenda kupima kwingine kabla wiki haijaisha. Huko wakaandika AFI 7.1, mtoto kilo 2.2, mapigo ya moyo mazuri. Mpimaji akasema maji yako mpakani tu, ninywe maji mengi. Sasa Mama, nani kati yao anasema kweli?

Mume wangu ni dereva wa lori la Lubumbashi, na mara nyingi anakwama kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa. Akipata mtandao ananipigia, na jibu lake ni moja: fanya anavyosema mama. Mama yake yuko Malinyi. Ni mtu mwema, amezaa saba na wote wako hai. Anasema madaktari wa siku hizi wana haraka ya kisu, ninywe maji, madafu na uji wa ulezi, kisha nipande gari niende kujifungulia kwake, ambako kuna bibi anayejua mizizi ya kuongeza maji. Wifi yangu naye alianzishiwa uchungu mwaka juzi, akateseka, mwisho akapasuliwa. Ananiambia nikikubali dripu nimekwisha.

Ninachoogopa zaidi sijawaambia. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa akiwa na wiki 30. Alikuwa wa kike. Aliishi siku mbili. Nikisikia neno "mapema" mwili wote unapoa. Lakini nikisubiri, na huyu akachokea tumboni, nitaishije?

Kazi yangu ni mama lishe karibu na stendi ya Msamvu. Nasimama motoni tangu alfajiri. Maji nakunywa kidogo, maana choo ni cha kulipia na kiko mbali, na kwa tumbo hili ningekuwa huko kila saa. Usiku mgongo unauma sana, nameza diklofenaki ya duka la dawa ndipo napata kulala. Chupi nayo hulowana siku nyingine, nadhani ni mkojo wa mimba tu. Mtoto anacheza, zaidi usiku.

Nikubali kuanzishiwa au nisubiri? Niende Malinyi au nibaki?

Mama Lishe, Morogoro

*

Marahaba, binti yangu. Pole kwa mzigo huu, na pole sana kwa binti yako aliyetangulia. Nitarudi kwake.

Kwanza nishike mambo mawili uliyoyataja mwishoni kama vile hayana uzito. Mimi kama mkunga yamenisimamisha kuliko hizo namba za AFI.

La kwanza ni chupi kulowana. Huenda kweli ni mkojo. Mtoto wa wiki 35 anakandamiza kibofu, na wajawazito wengi hutokwa na mkojo kidogo wakicheka au wakikohoa. Lakini chupa ya uzazi ikitoboka sehemu ndogo, maji hayamwagiki kwa kishindo. Yanavuja polepole, na mama huyachukulia kuwa mkojo. Huwezi kuyabana kama unavyobana haja. Weka pedi safi, uangalie rangi na harufu, na uende ukapimwe leo, usingoje tarehe ya kliniki. Mwambie mkunga kwa maneno haya haya: "Nalowana, na altrasaundi imeonyesha maji pungufu." Atakuchunguza kwa kifaa kisafi aone kama maji yanatoka kwenye mlango wa kizazi. Kama chupa imevuja, mazungumzo yote ya kusubiri au kutosubiri yanabadilika, kwa sababu hapo vijidudu navyo vimepata njia ya kuingia.

La pili ni diklofenaki. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, hupita kwenye kondo la nyuma na kupunguza kazi ya figo za mtoto. Oktoba 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba ziepukwe kuanzia wiki ya 20 ya mimba, kwa sababu hii hii ya kupungua kwa maji ya uzazi. Baada ya wiki 30 kuna jambo jingine: zinaweza kubana mshipa ulio karibu na moyo wa mtoto, ambao unatakiwa ubaki wazi mpaka azaliwe. Usijilaumu. Zinauzwa kila kona na hakuna aliyekuuliza kama una mimba, au aliona tumbo akanyamaza. Acha kuzimeza, na umwambie daktari umezimeza kwa muda gani na ngapi kwa siku. Kwa maumivu ya mgongo, mwulize kuhusu parasetamoli. Wajawazito wengi wakiacha dawa hizi maji hupanda tena, ingawa si wote.

Sasa tukae kwenye swali lako.

Unaniuliza nani mkweli kati ya 4.6 na 7.1, na nadhani swali hilo limekuchosha bure. Mpimaji hugawa tumbo lako sehemu nne, katika kila moja anatafuta mahali ambapo maji yana kina kirefu zaidi, kisha anajumlisha sentimita zote; jumla hiyo ndiyo AFI. Chini ya 5 huitwa pungufu. Kati ya 5 na 8 huitwa mpakani. Mtoto akigeuka, mpimaji akikandamiza kifaa zaidi, au mama akiwa amekunywa maji asubuhi ile, namba inahama. Wapimaji wawili wazuri wanaweza kutofautiana kwa mama mmoja siku moja. Iko pia njia nyingine, ya kutazama mfuko mmoja tu wenye kina kuliko yote, na pungufu hapo ni chini ya sentimita 2. Tafiti zilizolinganisha njia hizi mbili zimeonyesha kwamba ile ya kujumlisha huwaandika wanawake wengi zaidi kuwa na maji pungufu, na wengi zaidi huanzishiwa uchungu, bila watoto wao kuonekana kunufaika. Kwa hiyo ukirudi, mwombe mpimaji akuandikie na kipimo cha mfuko mmoja. Ni haki yako, na hakiongezi gharama.

Lakini hata namba ikiwa sahihi kabisa, peke yake haitoshi. Baada ya wiki ya 16 hivi, sehemu kubwa ya maji ya uzazi ni mkojo wa mtoto mwenyewe. Anakojoa, anayameza, anakojoa tena. Yanapopungua, kuna sababu: yanavuja, au figo za mtoto hazikojoi vizuri, au kondo la nyuma limechoka na mtoto anapeleka damu kwenye ubongo na moyo kwanza, figo zinapata kidogo, au mama mwenyewe amekauka, au ni dawa. Barua yako ina tatu kati ya hizo. Ndiyo maana ningependa, kabla hujabishana na mtu yeyote kuhusu tarehe, uulize kwanza: kwa nini yamepungua, na mtoto wangu yukoje?

Swali la pili lina majibu yanayopimika. Je, anakua? Kilo 2.2 kwa wiki 34 na siku kadhaa ni uzito wa kawaida, na hilo limenipa faraja kidogo. Je, kibofu na figo zake zimeonekana? Damu inapita vizuri kwenye kitovu? Mapigo ya moyo wake yanapanda anapocheza? Presha yako ikoje, na mkojo wako una protini? Maji yakiwa pungufu na mengine yote ni mazuri, hali ni moja. Yakiwa pungufu na mtoto ameacha kukua, au presha yako imepanda, hali ni nyingine kabisa, na hapo kusubiri kunaweza kuwa hatari kubwa.

Na hizo wiki zako, zimehesabiwaje? Hukuniambia. Kama ulipiga altrasaundi kabla ya mwezi wa nne, tarehe ni ya kuaminika. Kama wamehesabu kwa hedhi ya mwisho uliyoikumbuka kwa kukisia, wiki 35 zinaweza kuwa 33, na tumbo dogo likawa si dogo. Altrasaundi ya miezi ya mwisho haiwezi kurekebisha hilo vizuri. Inaweza kukosea hata wiki tatu. Kabla mtu hajakuandikia wiki 37 kuwa siku ya kulazwa, hakikisha ni 37 kweli.

Hapa nije kwenye neno lile linalokupoza mwili. Mapema ya wiki 30 na mapema ya wiki 37 hazifanani. Mtoto aliyefikisha wiki 37 hahesabiwi tena kuwa njiti. Wengi wa umri huo hulia, hunyonya, na hulala na mama yao wodini usiku ule ule. Nisikufiche: wapo wachache wanaopata shida ya kupumua au ya kunyonya, na ni wengi kidogo kuliko kwa wale wa wiki 39, ndiyo maana hakuna sababu ya kuharakisha kama hakuna kinachodai haraka. Lakini ukilisikia neno hilo mdomoni mwa daktari, jaribu kuuliza ni wiki ngapi anazosema, ili usimsikie binti yako wa kwanza ndani ya kila sentensi.

Ushauri wa daktari wako haukutoka hewani. Chama cha madaktari wa uzazi wa Marekani, kwa mfano, hupendekeza kwamba maji yakiwa pungufu kweli bila tatizo lingine, mtoto azaliwe kati ya mwanzo wa wiki 36 na mwisho wa wiki 37. Hofu yao ni kitovu: maji ndiyo yanayokipa nafasi, na yakiwa kidogo kitovu kinaweza kubanwa kati ya mtoto na ukuta wa mfuko wa uzazi, damu ikapungua, hasa uchungu unapoanza. Lakini wewe una karatasi mbili, moja chini ya mstari na moja juu yake. Wapo madaktari ambao kwa namba ya mpakani, mtoto anakua na moyo uko vizuri, wangerudia kipimo kila wiki au mara mbili kwa wiki na kusogea nawe taratibu. Njia hiyo ina gharama zake: nauli, siku za biashara, na wasiwasi wa kila mara. Ina hatari pia, kwa sababu kipimo cha Jumatatu hakimlindi mtoto wa Alhamisi. Ukiichagua, inakudai uwe macho na uweze kufika hospitali haraka.

Kuanzishiwa nako kuna pande zake, na wifi yako hakudanganya. Mlango wa kizazi ukiwa bado mgumu, uchungu wa dawa huweza kuchukua siku nzima au zaidi, na wengine huishia chumba cha upasuaji. Wengine wengi hujifungua kawaida, ila hao hawana cha kusimulia. Ningekushauri uulize wataanza na nini, kidonge au puto la kulainisha mlango, kabla ya dripu ya uchungu. Nani atasikiliza moyo wa mtoto na kila baada ya muda gani. Na kama chumba cha upasuaji kinafanya kazi usiku. Kwa mama mwenye maji kidogo, kusikilizwa kwa moyo wa mtoto wakati wa uchungu ni jambo la lazima, awe ameanzishiwa au uchungu umekuja wenyewe.

Maji ya mama mkwe nayo tuyape heshima yake. Ametaja jambo ambalo tafiti zimelikubali: mama mwenye maji pungufu akinywa kama lita mbili, kipimo hupanda. Kama kupanda huko kunabadilisha matokeo ya uzazi, hilo halijathibitishwa, na maji hayazibi chupa iliyotoboka. Ila kwako wewe, unayesimama motoni mchana kutwa ukijinyima kunywa kwa sababu ya choo, nadhani hili lina uzito wa pekee. Beba chupa yako, kunywa kidogo kidogo, na hela ya choo iingize kwenye matumizi ya biashara kama unavyoingiza mkaa. Madafu na uji ni vizuri. Kama una msaidizi, mwachie jiko saa za jua kali ukalale kwa ubavu wa kushoto. Mizizi ndiyo nisiyoweza kuiunga mkono. Ninazozijua ni zile zinazokaza mfuko wa uzazi kwa nguvu ambayo hakuna anayeweza kuipima wala kuizima, na mtoto asiye na maji ya kutosha hana pa kukimbilia.

Na Malinyi? Nimeelewa unachokitafuta huko: mtu wa kukupikia, kukukanda, kukuamsha usiku mtoto akilia. Hicho ni kitu kikubwa, hasa kwa mwanamke ambaye mumewe yuko barabarani. Lakini jiulize, uchungu ukianza saa nane usiku na moyo wa mtoto ukashuka, kutoka nyumbani kwa mama hadi penye upasuaji na damu ya kuongezewa ni mwendo gani, na mvua zikiwa zimekolea barabara inapitika? Sijui nyumba yake ilipo, wewe unapajua. Je, umewahi kumwuliza kama yeye anaweza kuja Morogoro? Wakwe wengi hawajitolei kusafiri kwa sababu hakuna aliyewaomba. Wanadhani mjini hawana nafasi. Ukienda, chukua barua ya rufaa na karatasi zako zote mbili, ufike hospitali ya huko siku za mwanzo wakujue. Na popote utakapokuwa, iandike namba 115 ya m-mama. Kuipiga ni bure, na kazi yake ni kutafuta usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga.

Gharama nazo zisikufunge mdomo. Huduma ya mjamzito katika vituo vya umma ni bure kisera. Ukiambiwa ulipie kitu usichokimudu, omba kumwona afisa ustawi wa jamii wa hospitali.

Kuhusu mume wako, nadhani anasema "fanya anavyosema mama" kwa sababu hajui kingine cha kusema akiwa amekwama mpakani. Je, ameziona karatasi? Zipige picha umtumie. Mwambie ile hofu ambayo umeniambia mimi, maana yule mtoto alikuwa wake pia. Na ukirudi kwa daktari, nenda na mtu, hata wifi yako huyo huyo, asikie mwenyewe. Maswali yaandike nyuma ya kadi. Mwulize hivi pia: "Ungeona nini ndipo ungekubali tusubiri, na ungeona nini ndipo ungesema leo leo?" Daktari mwenye foleni akiulizwa hivyo hujibu kwa ufupi, na jibu lake litakusaidia kuliko hotuba.

Mtoto wako anacheza zaidi usiku. Wengi wako hivyo, mama akitulia wao wanaamka. Zoea saa zake. Jioni baada ya kula lala kwa ubavu, weka mkono, uhesabu; ukikosa michezo 10 ndani ya saa mbili, au ukiona amebadilika kuliko unavyomjua, nenda. Nenda vilevile ukiona damu, maji, homa, kichwa kikali, macho kuona ukungu, au tumbo kukaza bila kuachia. Usinywe kwanza kitu cha baridi ukangoja aamke, na usiogope kwamba utaonekana msumbufu. Wakunga tunapendelea kumrudisha nyumbani mama mwenye mtoto mzima mara kumi, kuliko achelewe mara moja.

Sasa binti yako. Hukueleza kwa nini alizaliwa wiki ya 30, na pengine hakuna aliyekuambia. Je, chupa ilipasuka? Presha ilipanda? Uchungu ulianza wenyewe? Nauliza kwa sababu jibu lake linaweza kuhusika na mimba hii, na wanaokuhudumia wanapaswa kulijua. Tazama kadi yako ya sasa, mahali pa uzazi uliopita. Kama wameandika tu "mimba ya pili, mtoto hai hakuna", mwombe mkunga ajaze: wa kike, wiki 30, aliishi siku mbili. Wengi wetu tukisoma hivyo tunavuta kiti na kukusikiliza upya, na hospitali ya rufaa wanaweza kukupangia daktari bingwa akuone kabla ya hiyo wiki ya 37 kufika. Kama ulijifungulia hospitali ambayo bado ina faili lako, mtume mtu akaombe maelezo ya kuruhusiwa kwako, uende nayo.